Santuri za Mume wa Delfina

Osvaldo, rafiki yangu wa hapa Buenos Aires, alikuwa akitengeneza albamu ya majaribio kutokana na nyimbo za zamani za dansi ya tango. Alifuta waimbaji, akabakiza ala tu. Mjane mmoja, Delfina, alimwazima santuri alizoimba marehemu mumewe.

"Sauti yake usiifute, mwanangu. Sina nyingine."

Aliifuta. Alipozirudisha, umeme ulikuwa umekatika. Sebuleni gizani akamvisha bibi spika za masikioni, akamchezea albamu ile kutoka kwenye simu yake.

"Haya, mtafute mumeo humo," akamcheka.

Mle mlikuwa na fidla na mikwaruzo tu. Bibi alisikiliza, kisha akatabasamu.

"Anaimba vizuri. Lakini Valdito ni nani? Anamwita tangu mwanzo."

Aliyewahi kumwita Osvaldo jina hilo ni mama yake peke yake, naye alikuwa kaburini.