Masikio Yote Mawili Yaonekane

Majirani zangu, sogeeni niwasimulie jambo lililotokea mtaani kwetu. Mkitaka kucheka, chekeni, kwa kuwa aliyelitenda mwenyewe ameniruhusu kulisema. Lakini mkishacheka, msiondoke kabla ya mwisho.

Jioni moja nilikuwa mgeni mezani kwa rafiki yangu fundi bomba. Nyumba yake ni ya amani. Mkewe hushona nguo sebuleni, mama mkwe wake ana kiti chake karibu na dirisha, na binti yao pekee alikuwa ametoka kupata nafasi katika chuo cha uuguzi. Barua ya chuo ilikuwa imeegemezwa kwenye kabati la vyombo ili kila anayeingia aione hata kama hakuuliza. Wali ulikuwa unatoa mvuke. Bibi akaomba sala fupi, tukasema amina, nami nikanyoosha mkono kuchukua kijiko.

"Msile!"

Ni fundi. Alikuwa amesimama juu ya kiti, kamera usoni.

"Rudieni amina," akasema. "Ile ya kwanza haikuwa na unyenyekevu."

Tukarudia. Akasema mimi nimeinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Tukarudia tena. Mara ya nne bibi akafumbua jicho moja.

"Mkwe wangu," akasema, "Mungu alisikia tangu ile ya kwanza. Aliyebaki kusikia ni wewe."

Tulikula wali wa baridi. Nilimshukuru Mungu hivyo hivyo.

Kamera yenyewe ilikuja kwa njia njema. Mimi na fundi tulijiandikisha pamoja darasa la jioni la kupiga picha, katika ukumbi wa mtaa. Tulikuwa watu wazima kumi na mmoja, karibu wote na miwani, tukiwa na hamu ya kujifunza kama watoto. Siku ya kwanza mwalimu, mama mmoja mpole, aliandika ubaoni mambo matatu ya kuanzia. Mimi huandika polepole, lakini niliyanakili yote kwenye daftari langu. Fundi hakunakili. Aliupiga ubao picha, akanikonyeza.

"Wewe endelea kuchosha vidole, kinyozi," akasema. "Mimi nimeshamaliza."

Kweli alikuwa amemaliza, maana ubao ule hakuutazama tena.

Tangu siku hiyo picha zake zote zilikuwa na jambo moja: juu, upande wa kushoto, palikuwa na ukungu mweupe uliofunika chochote kilichokuwapo. Mwalimu alipotaka kumweleza, fundi alimkatiza. "Huo ni mtindo wangu, mwalimu. Ukiona ukungu, ujue ni mimi." Mwalimu akaenda kwa mwanafunzi mwingine. Mtu mzima akishasema hivyo utamwambia nini?

Basi kamera ikamtawala. Alimpiga bibi picha akiwa amesinzia kitini, mdomo wazi, akaikuza, akaitundika sebuleni na kuipa jina "Uzee". Mama mkwe, jamani! Kila asubuhi bibi aliigeuza ikatazama ukuta, na kila jioni fundi aliigeuza tena. Mama mmoja wa mtaa wa pili alimwita kwa bomba linalovuja. Fundi akaenda na mkoba wa spana begani na kamera shingoni, akalala sakafuni saa nzima akisubiri tone lianguke vizuri. Alipolipata akaondoka ameridhika. Tone nalo likaendelea na kazi yake.

Hivyo hivyo alimfanyia jirani yangu wa ukuta mmoja, mpiga picha mkongwe tunayemwita Mzee Pasipoti. Mzee ana chumba kimoja, stuli moja na ubao mmoja mweupe wa kuweka nyuma ya anayepigwa picha, na kwa miaka yote hiyo amepiga picha ndogo za fomu na vitambulisho. Bomba linalopita juu ya rafu yake lilikuwa linatoa machozi kwenye kiungo. Fundi alikuja, akalipiga picha, akasema, "Nitarudi kesho, mzee." Kesho hiyo ilichukua wiki tatu.

Sasa sikilizeni. Fomu ya chuo ilitaka picha nne ndogo za binti: uso utazame mbele, mdomo umefungwa, nyuma kuwe kweupe, na masikio yote mawili yaonekane. Mwisho wa kupeleka ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Atakayechelewa, nafasi yake anapewa mwingine.

"Mpeleke kwa Mzee Pasipoti," mama yake akasema mapema tu.

Fundi akashika kifua kama aliyechomwa sindano. "Nina kamera ndani ya nyumba, halafu mwanangu akakalishwe kwenye stuli kama kiazi? Mama, nitampiga mimi mwenyewe."

Jumatatu binti alipeleka picha zinazomwonyesha ameegemea dirisha, akitazama mbali. Karani wa chuo akamuuliza, "Unamtazama nani huko nje?" Akazirudisha.

Jumatano alipeleka nyingine, taa moja ikiwa upande wa kulia na upande mwingine giza tupu. "Hii ni nusu ya mwanafunzi," karani akasema. "Nusu ya pili inaomba lini?"

Fundi akakasirika kweli. "Hao hawajui sanaa!"

"Baba, ni karani," binti akasema. "Ana mhuri tu."

Alhamisi fundi alijishusha. Alimkalisha binti mbele ya shuka jeupe, wima kama mlingoti, akapiga. Binti akaenda mbio, akarudi taratibu, akaiweka bahasha mezani.

"Anasema sikio moja halionekani."

"Halionekani vipi? Nimelipiga!"

Wakatazama wote. Kwenye kona, juu ya sikio la mtoto, palikuwa na ule ukungu.

"Mtindo wako, baba watoto," mama akasema, akarudi kwenye cherehani. Alishona hadi usiku wa manane, na wenye ndoa mnajua maana ya kushona kwa namna hiyo.

Ijumaa saa tatu nilikuwa namnyoa mteja nilipowaona wote wanne wanashuka mtaani. Mama mbele, binti na bahasha yake, bibi na fimbo, na fundi nyuma kabisa, kamera shingoni, mkoba wa spana begani kwa sababu mama alimwambia asitoke bila huo. Walikuwa wanakwenda kwa Mzee Pasipoti. Nikaweka mashine ya kunyolea chini, nikawafuata, maana nilijua walichokuwa wanakwenda kukikuta.

Mzee alikuwa amekunja suruali hadi magotini, anasukuma maji nje kwa ufagio.

"Karibuni bwawani," akasema.

Kile kiungo kilikuwa kimeachia alfajiri. Umeme alikuwa ameuzima kwa hofu. Ubao wake mweupe ulikuwa umevimba, na kamera yake ilikuwa ndani ya gunia la mchele ikikaushwa. Mashine ya kuchapa tu ndiyo iliyopona, kwa kuwa alikuwa ameifunika plastiki.

Fundi akainua macho kutazama bomba. Alilitambua papo hapo. Alikuwa nalo nyumbani, kwenye picha kubwa aliyoiita "Machozi".

"Mzee," akaanza, "mimi..."

"Uliahidi kesho, mwanangu. Nimekuwa naiulizia tangu siku ile."

Binti hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Baba, saa sita wanafunga," na machozi yakamtiririka mpaka kidevuni. Nami moyoni nikaomba, Mungu, usimwadhibu mtoto kwa kosa la baba yake.

Fundi alimtazama. Akaivua kamera shingoni, akampa bibi aishike. Akafunga koki kuu, akapanda juu ya stuli, akakifungua kile kiungo, akakisafisha, akazungusha tepu kwenye nyuzi za bomba, akakaza. Miezi mingi sikuwa nimemwona akifanya kazi namna ile, mikono ikienda bila kuulizwa. Kazi nzima ilichukua dakika ishirini.

"Sasa piga picha," Mzee akamwambia.

"Nipige mimi? Baada ya yote haya?"

"Kamera iliyo nzima ni yako, na mtoto ni wako. Mimi nitashika shuka langu jeupe mahali pa ubao." Akaichukua kamera kwa bibi, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaichungulia. "Mwanangu, hii grisi ya nini kwenye kioo?"

"Grisi gani?"

Mzee akamwonyesha. Pale kwenye lenzi palikuwa na alama ya kidole gumba, mistari yake yote imekamilika, kama ya mtu aliyetia sahihi hati ya kiwanja. Fundi akaweka dole gumba lake karibu. Likalingana sawasawa.

Mimi nikashindwa kujizuia. "Kwa hiyo ule mtindo..."

"Nyamaza, kinyozi."

Nikaenda dukani kwangu kuchukua daftari kwenye droo, nikamsomea jambo la kwanza la siku ya kwanza: Safisha lenzi. Yeye naye akaitafuta ndani ya kamera ile picha yake ya ubao. Jambo la pili lilisomeka, na la tatu lilisomeka. La kwanza, juu kushoto, lilikuwa limefunikwa na ukungu.

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaishikilia fimbo kwa mikono miwili, halafu mama akacheka, na mwishowe hata binti akacheka na machozi yake mashavuni.

Mzee akaifuta lenzi kwa kitambaa safi, taratibu, akizungusha kutoka katikati kwenda nje. Mimi naye tukashika shuka. Binti akakaa kwenye stuli akiuelekea mlango.

"Acha mwanga wa nje umwangukie uso mzima," Mzee akasema. "Piga goti, macho yako yawe sawa na yake. Bana viwiko mbavuni. Hapana, usibonyeze bado. Mtazame yeye kwanza."

Fundi akamtazama. Alimtazama muda mrefu, kamera ikiwa bado kifuani.

"Huyu amekua lini?" akauliza.

"Ulipokuwa unayapiga picha matone," mama akamjibu.

Akabonyeza mara moja tu.

Mashine ya kuchapa tuliileta kwangu tupate umeme. Mteja wangu, aliyekuwa bado na nusu ya nywele, alitupisha kwenye soketi bila kulalamika, Mungu ambariki. Tukachapa picha tano, binti akaondoka mbio na nne mkononi zikiwa bado na joto.

Alirudi saa sita na robo. Fundi akamwahi mlangoni. "Karani alisemaje?"

"Alitazama sikio hili, akatazama na hili. Akagonga mhuri."

"Hakusema kitu?"

"Alisema, 'Mwingine!'"

Fundi akakaa chini kwenye ngazi ya duka langu, akafunika uso kwa mikono. Baadaye aliniambia hajawahi kusifiwa hivyo maishani.

Mteja wa nusu kichwa nilimmalizia bure. Na siku ya kumuaga binti nilialikwa tena mezani. Ukutani, mahali pa "Uzee", palikuwa na picha ndogo ya binti iliyobaki, imewekwa kwenye fremu kubwa kupita kiasi. Bibi akasali. Kamera ilikuwa kwenye msumari. Fundi alisema amina mara moja, amefumba macho, na wali ulikuwa wa moto.

FUNZO

Ndugu zangu, kujifunza kitu kipya ukubwani ni baraka, nami namwomba Mungu awape wengi wenu moyo wa kuanza. Lakini kosa lako usilipe jina zuri ili usilazimike kulirekebisha. Mwalimu akitaka kukuambia neno, mwache amalize. Kazi inayokulisha, na watu wanaokungoja uikamilishe, usiwaache wakilowa maji kwa ajili ya kitu ulichokipenda jana.

Na wewe unayeanza kupiga picha, usihangaikie kununua vitu vingi. Futa lenzi. Mweke mtu wako karibu na mlango au dirisha, uso wake ukielekea kwenye mwanga. Tulia. Mtazame kwa macho yako kabla ya kumtazama kwa kamera, kwa maana huenda ni mwanao na amekua. Na ukiwakuta watu wanasali mezani, kaa usali nao. Picha itapatikana siku nyingine, wali unapoa leo.