Kifungo Kisicho na Tundu

"Fungua mdomo nikague."

"Unikague, kwani mimi mtoto wa chekechea?"

"Natania, mke wangu. Meza basi, friji za watu zinanisubiri."

Mshonaji alikitia kidonge mdomoni, akapiga funda la maji, akatabasamu. Mumewe akambusu kwenye paji la uso, akabeba mkoba wake wa bisibisi na kutoka huku akiimba. Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi. Mwanamume mwenyewe ndiye aliyekitoa kidonge kwenye pakiti, mwenyewe ndiye aliyemimina maji. Siku ile daktari aliposema kwamba dawa hii ya kuzuia homoni italiwa kwa miaka, kila siku bila kuruka, yeye ndiye aliyejibu, "Hiyo niachie mimi."

Mlango ulipofungwa tu, mshonaji akakitoa kidonge kwenye shavu, akakifuta kwa upindo wa gauni, akakidondosha kwenye kopo lake la vifungo.

Usianze kumtukana, msomaji. Msikie kwanza.

Saratani ya titi ilishatolewa kwa kisu na mionzi, ndugu wakashangilia kwamba amepona. Kisha ikaja hiyo dawa ya kuizuia isirudi. Dawa ilizima homoni, na homoni zilipozimika mwili ukamgeuka. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi utosini katikati ya mazungumzo, gauni likaloa kama amenyeshewa. Asubuhi vidole viligoma kukunjika, na mshonaji asiye na vidole ni mshonaji wa jina tu. Usingizi ukahama nyumba. Na kulikuwa na lile la chumbani, ambalo hakumwambia mtu. Mwili ulikauka, mumewe akimgusa anaumia, ikafika mahali akawa anajikunyata hata kabla hajaguswa. Mume akaona anavyojikunyata, akachukua mto wake, akahamia kwenye kochi la sebuleni.

"Nakupisha upate hewa," alisema.

Hewa! Mshonaji aliipata hiyo hewa kitanda kizima, akalia nayo.

Tangu aache kumeza, vidole vimelegea, jasho limepungua, na wiki iliyopita mto wa mume ulirudi kitandani. Sasa hesabu ilikuwa wazi kichwani mwake. Akimeza, anampoteza mume. Asipomeza, ugonjwa unaweza kurudi. Alishachagua, lakini tangu achague hakutulia. Alianza kushona mkono wa gauni akauacha njiani. Akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Akaenda jikoni, akasimama katikati, akasahau alichofuata.

*

Jioni wifi yake alikuja kujaribu gauni. Huyu ni mdogo wa mumewe, mdomo haufungi, na mwezi ujao alikuwa anaolewa. Alisimama juu ya kigoda katikati ya sebule, satini nyeupe imemfika miguuni, na mgongoni safu ya vifungo vyeupe vidogo kutoka shingoni hadi kiunoni.

"Wifi, ukinichoma na hiyo sindano naahirisha harusi."

"Ukiendelea kunenepa, mimi ndiye nitakayeahirisha. Juzi hapa palifunga."

"Si unene, ni wasiwasi."

"Wasiwasi gani unaokaa kiunoni?"

Mume alikuwa kwenye kochi anavua viatu, akacheka mpaka akakohoa. Kwa muda kidogo mshonaji alisahau mambo yake yote.

"Mbona hapa chini pana nafasi?" wifi aliuliza, akijipapasa mgongoni.

"Kifungo kimoja kimepungua. Nitakitafuta baadaye."

"Baadaye ya nini? Kopo si lile?"

Wifi akaruka kutoka kwenye kigoda na gauni lake, akalifikia kopo kabla mshonaji hajatoa pini mdomoni.

"Liache hilo kopo!"

"Heh! Makali ya nini? Vyeupe viko tele humu." Alishamimina kwenye kiganja, anachambua kwa kidole. "Hiki hapa kinalingana. Ehe... Wifi, kifungo gani hiki hakina tundu? Na hiki. Na hiki. Wifi, umeuziwa vibovu!"

"Hebu lete," alisema mume.

Alikipokea, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kila asubuhi alikuwa anakitoa kwenye pakiti yeye mwenyewe, angekijua hata gizani. Akamtazama mkewe. Mshonaji akatazama sakafu.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "kavue hilo gauni uende nyumbani."

"Kwani nimefanya nini?"

"Wewe hujafanya kitu."

Wifi akatazama huku, akatazama kule, akavirudisha vifungo kwenye kopo. Alivua, akavaa nguo zake, akatoka bila kuaga.

"Tangu lini?" mume aliuliza.

Mshonaji akaokota kipande cha uzi sakafuni.

"Nakuuliza, tangu lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na mimi kila asubuhi nasimama hapa na glasi ya maji kama punguani. Nakubusu, natoka naimba. Naimba!"

"Sikutaka kukudanganya..."

"Nilidhani mwili umeizoea dawa! Nimewatangazia mpaka wateja, mke wangu sasa analala, jasho limekatika. Watu wakiona friji imeacha kuunguruma wanafurahi, kumbe imekufa, wanakuja kushtuka nyama imeshaoza. Kila siku nawacheka. Leo mimi, fundi mzima, nimenyamaziwa ndani ya nyumba yangu nikafurahi kama wao."

"Usinifananishe na friji!"

"Basi niambie ulitaka nini! Ulitaka kufa?"

"Nilitaka urudi kitandani!"

Maneno yalimtoka kabla hajayapanga. Mume akainama, akavaa viatu vile vile bila kufunga kamba, akatoka. Hakuubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

*

"Uko wapi?" mshonaji alimwandikia kwenye simu.

Hakujibiwa.

"Rudi tuongee."

Mshonaji alizunguka chumba mpaka akawa anaujua kila ufa wa sakafu. Alikaa kwenye cherehani, akainuka. Akalimwaga kopo la vifungo mezani, akatenga vyenye tundu na visivyo na tundu. Simu ikalia, akaidaka haraka. Wifi.

"Wifi, kaka yuko karakana. Nimepita hapo, nimemkuta kakaa kwenye kasha. Ameshika kile kifungo."

"Si kifungo."

"Najua. Nilimbana mpaka akaniambia." Sauti ya wifi ilibadilika. "Sikiliza. Gauni hata dukani lipo, nitanunua. Harusi hata mwakani itafungwa. Wewe nitakununua wapi?"

Mshonaji akavuta kamasi.

"Unalia?"

"Silii."

"Basi acha kutolia, nenda ukamwone mumeo."

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la vipuri, mtaa wa pili. Ukuta mzima ulipangwa milango ya friji isiyo na mipira, mabomba ya shaba yamening'inia kwenye misumari, na kila mahali harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa. Mume alikuwa ameinama nyuma ya friji moja kubwa, anajifanya anakaza skrubu iliyokazwa zamani.

"Kama umekuja na samahani, kaa nayo," alisema bila kugeuka.

"Sijaleta samahani. Nimeleta ukweli, na ukinikatiza nitashindwa."

Bisibisi ikasimama.

"Hukuhama kitandani kwa ajili ya hewa. Ulihama kwa sababu sikuwa mwanamke tena. Titi moja halipo, na kilichobaki dawa imekikausha. Ukinishika naumia. Naona haya kusema naumia, kwa hiyo najikunyata. Nilipoacha dawa nikapata nafuu, ukarudi. Sasa ningefanyaje? Nikwambie naendelea na dawa, wewe lala sebuleni miaka yote hiyo?"

Mume aligeuka polepole.

"Ulikuwa unaumia?"

"Ndiyo."

"Kuumia kweli?"

"Kama kuchanwa."

"Mungu wangu." Alikaa kwenye kasha. "Mimi nilidhani umenichukia."

"Nikuchukie wewe?"

"Nikikugusa unaruka kama umepigwa na umeme. Nikasema labda mikono yangu ya grisi inamkera, labda kila akiniona anaikumbuka hospitali. Nikaona bora nijiondoe kabla hujanifukuza. Wewe unadhani nalala kwenye lile kochi? Lina chuma, kinaniingia hapa mbavuni, mpaka leo pana alama."

Mshonaji alicheka na machozi yakamtoka pamoja.

"Kwa nini ulirudi, basi?"

"Ulikuwa umesinzia mchana, nikapita kuchukua shati. Ukanishika mkono, macho umefumba, hukuruka. Nikaenda kuchukua mto wangu. Ni hivyo tu."

"Si kwa sababu ya... mambo ya chumbani?"

"Mimi nilifuata mkono wako. Hayo mengine yakija, karibu. Yasipokuja tutakaa tuyajadili. Lakini ukifa wewe, nitamshika nani mkono? Wifi yako?"

Wakati huo huo joto likampanda. Labda la hasira, labda la aibu, labda ni mwili tu unaojifanyia mambo yake. Jasho lilimtiririka shingoni, akaanza kujipepea kwa viganja. Mume akainuka, akafungua mlango wa friji ile kubwa, baridi ikamwagika nje.

"Simama hapa."

"Ya nani hii?"

"Ya mteja, anakuja kesho. Poa kwanza."

Akasimama mbele ya friji ya watu, macho kafumba. Mume akasimama nyuma yake, hakumgusa. Ni yeye mshonaji aliyerudisha mkono nyuma, akautafuta wa mumewe, akaushika na grisi yake.

*

Daktari, mama mmoja mwenye sauti ndogo na macho yasiyokwepa, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Kila ukija hapa nakuuliza unaendeleaje, unasema vizuri. Kwa nini?"

"Niliona haya. Mmeniokoa, halafu nije kulalamika habari za kitandani? Nitaonekana sina shukrani."

"Shukrani siwezi kuitibu. Maumivu naweza." Daktari akasogeza kiti. "Nimekasirika, nisikufiche. Kuchoka na dawa hakuna kosa. Kuitupa bila kuniambia ndiko kulikoniudhi. Sasa sikiliza. Dawa hii ina wenzake. Mwili unaoikataa hii pengine utaivumilia nyingine, tutabadilisha tuone. Vidole vinataka mazoezi na maji ya vuguvugu asubuhi, na wewe mwenyewe utembee kila siku hata kama viungo vinalalamika. Joto tutalipunguza, siahidi kulimaliza. Na ukavu una dawa yake ya kupaka, isiyo na homoni."

"Hiyo ya kupaka inapatikana wapi?" mume alidakia.

Aliuliza haraka mno mpaka daktari akajifanya anatafuta kalamu. Mshonaji akamfinya paja chini ya meza.

*

Asubuhi ya harusi, vidole viligoma.

Gari lilikuwa linapiga honi nje. Bibi harusi amesimama, uso umepambwa, mgongo uko wazi, na mshonaji hakuweza kupitisha hata kifungo kimoja. Dawa mpya ilikuwa na nafuu yake, siku nyingine vidole vilikubali mapema. Leo vilichagua kununa.

"Wifi, vipi huko nyuma?"

"Vimegoma."

"Nani kagoma?"

"Vidole."

"Kaka! Kaka, njoo huku!"

Mume akachungulia mlangoni, tai imemkaa upande. "Mimi fundi wa friji."

"Njoo hivyo hivyo!"

Akapiga magoti nyuma ya dada yake, mikono minene, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, anahangaika na kifungo cha kwanza kama anatafuta pahali gesi inapovuja.

"Nani aliyebuni vitu vidogo hivi?"

"Mkeo. Na usivute kitambaa," mshonaji alimwelekeza. "Kibonyeze. Kipitishe pembeni. Ehe, hapo. Panda juu."

Joto likaja bila hodi. Mshonaji akakimbilia dirishani, akajipepea kwa kifuniko cha boksi la viatu. Mume aliinuka, akaigeuzia feni upande wake, akarudi kwenye vifungo. Ilishakuwa jambo la kawaida humo ndani.

"Kimebaki kimoja," alisema hatimaye. "Lakini mke wangu, kuna kingine hujameza."

Akatoa kidonge kwenye mfuko wa shati, akampa na glasi ya maji. Kisha akageukia mgongo wa dada yake. Tangu siku ile ya karakana hakuwahi tena kumtazama akimeza, alikuwa anampa na kugeuka.

Mshonaji alikitia mdomoni, akanywa. Alikisikia kikipita kooni. Akamgusa mumewe begani, na alipogeuka, akafungua mdomo wazi kabisa. Akainua ulimi. Akavuta shavu la kulia, akavuta la kushoto.

"Sijakwambia ufungue," alisema mume.

"Najua. Wewe kagua."

Mume akainama, akatazama kwa makini kama anavyotazama nyuma ya friji ya mteja. Akakaa hapo kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Hamna kitu," alisema.

"Jamani, nyinyi mnaonyeshana meno, mimi mgongo uko nje!" bibi harusi alipiga kelele.

Mshonaji akajifuta macho, akacheka.

"Haya, kifunge hicho cha mwisho," alimwambia mumewe. "Hicho kina tundu."