Gari la Maiti Halisimami Njiani

Paaa!

Kofi lilinikuta bado nimeshika usukani.

Sikuwa nimelewa. Sikuwa nimegonga mtu. Nilikuwa nimeegesha mbele ya mlango wa wodi ya wazazi... na nyuma yangu kulikuwa na jeneza!

"Hospitali?!" mwanaume alifoka dirishani, mkono bado uko juu. "Kaka yangu ameshakufa, wewe mwanamke! Umemleta hospitali kufanya nini?!"

Jamani, tulieni niwaeleze nilifikaje pale.

Mimi ni dereva wa gari la maiti. Ndiyo, mwanamke. Kazini wananiita Mama Mwisho, kwa sababu nikishakubeba mimi, hupandi gari lingine tena. Ndiyo utani wetu huo, msinichukie.

Kampuni yetu ya mazishi ina sheria ambayo bosi anaiimba kila asubuhi. Marehemu akishapakiwa, gari halisimami mpaka makaburini. Na halibebi mtu asiye wa msiba.

Sheria nzuri tu. Nani anataka dereva anayesimama kununua vocha huku marehemu yuko nyuma?

Siku hiyo, pembeni ya jeneza walikaa mjane na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Huyo ndiye mwenye kofi. Mbele nilikaa na mwenzangu wa kubeba majeneza, tunamwita Tai, maana havui tai shingoni hata jua liwake vipi. Udereva nilimfundisha mimi. Watu wengine wa msiba walitangulia na basi.

Katikati ya barabara kuu nikaona teksi imefunguliwa boneti, inafuka moshi. Pembeni yake mama mtu mzima anapunga kitambaa kama amechanganyikiwa.

Magari yanapita tu... vuuu! Vuuu!

Chini, kwenye vumbi, alikaa binti yake. Mjamzito. Damu mpaka kwenye viatu.

Nikakanyaga breki.

"Mama Mwisho, usifanye hivyo," Tai akaninong'oneza. "Sheria unaijua."

"Shuka unisaidie kumbeba."

"Bosi atatuua!"

"Akituua, usafiri tunao. Shuka!"

Shemeji naye akaruka juu.

"Dereva, una wazimu? Watu wanatusubiri makaburini! Hili leo ni gari la kaka yangu!"

Hapo mdomo wangu ukaniponza.

"Kaka yako anaweza kusubiri, huyu hawezi!"

Hata mimi nilijisikia vibaya. Mjane yuko pale pale, amesikia kila kitu.

Alisogea tu, akasaidia kumlaza yule binti kwenye benchi, kichwa akakipakata yeye mwenyewe. Mama wa binti akabana mlangoni. Nikageuza gari.

Hospitali, wakunga wakamkimbiza ndani. Ndipo nikala lile kofi.

Tukasubiri. Shemeji anatukana, Tai anatembea huku na huku, mjane amekaa na jeneza la mumewe. Baadaye mkunga akatoka anajifuta jasho.

"Mtoto yupo. Mama yupo. Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine."

Tai alilia kama mtoto!

Makaburini tulikuta watu wamechomwa na jua, wengine wameshaondoka zao. Mjane alimzika mumewe akiwa amevaa gauni lenye damu ya mtu asiyemjua. Hilo mpaka leo halinitoki.

Kesho yake bosi akaniita. Shemeji yupo. Tai yupo.

"Ulimkataza asisimame?" bosi akamuuliza Tai.

"Nilimkataza, bosi. Akanilazimisha."

Nikamwangalia. Akaangalia ukuta.

Na kweli alinikataza. Ila hakusema ni nani aliyemshika miguu yule binti tukampandisha. Hakusema ni nani aliyelia.

"Bosi, alikuwa anakufa!"

"Sisi tunashughulika na waliokwisha kufa," bosi akasema. "Rudisha funguo. Kazi huna."

Nikarudisha. Iliniuma, sikatai, lakini sheria niliivunja nikijua fika kuna kulipa.

Kilichonikosesha usingizi ni yule mjane. Nikamfuata kwake.

"Mama, nisamehe kwa lile neno nililosema juu ya mzee..."

Akaniangalia weee.

"Sijakusamehe. Bado linanichoma."

Nikainamisha kichwa.

"Lakini ungempita yule binti huku mimi naona, ningekaa na sura yake mpaka naingia kaburini, mwanangu."

Nikadhani yameisha. Thubutu!

Juzi niko nyumbani, kazi sina, napekua simu. Nikakutana na tangazo la kampuni yetu.

Gari langu! Mbele yake yule binti amembeba mwanawe. Pembeni bosi, meno yote nje. Na upande wa pili... Tai!

Chini wameandika: "Tunawaheshimu waliotutoka, tunawajali walio hai. Hongera dereva wetu shujaa!"

Dereva wetu!!!

Mioyo kwa maelfu. Watu wanaandika, "Nikifa nizikwe na hawa!"

Nikamtafuta yule binti, nikampata.

"Dada, tulienda na mama kukushukuru," akasema, sauti imempotea. "Wakatuambia umeacha kazi mwenyewe, umehama mji. Wakasema tupige tu picha na aliyekuwepo."

Jioni simu ikaita. Mjane.

"Mwanangu, nimeandika chini ya ile picha: dereva alikuwa mwanamke, yuko wapi? Wakafuta. Nikaandika tena. Wakanifungia."

"Mama, wewe?!"

"Mimi. Sasa andika wewe."

Ndiyo naandika.

Wapendwa, sheria ikikaa kati yako na mtu anayekufa, ivunje. Lakini ujue utalipa, na ujue kuna mtu utamuumiza ambaye hana kosa lolote. Mimi kesho ningesimama tena pale pale. Mdomo tu ndio ningeufunga.

Kinachoniuma zaidi ni mtu anayekufukuza kwa jambo, halafu analigeuza tangazo!

Bosi, najua unasoma. Kama nilikosea, futa ile picha. Kama nilifanya jema, nirudishe kazini.

Chagua moja.