Kitambaa cha Getini

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Nyaluak alisimama kwenye geti la chekechea moja mjini Kakuma. Alikuwa na beseni la maji na kitambaa cheupe. Hakuna aliyemlipa. Walimu walikuwa wakiwarudisha nyumbani watoto wenye nyuso chafu, na yeye hakupenda mtoto akose masomo kwa sababu ya vumbi.

Maji ya Kakuma ni haba. Mtungi huohuo ndio wa kupika, kunywa na kufua. Kwa hiyo Nyaluak alichovya kitambaa, akakikamua, akapangusa uso. Alianza na binti yake Nyakim. Kisha wakafuata wengine, kwa kitambaa kilekile na maji yaleyale. Mama zao walimsifu sana. Sifa zilimnogea, tusifiche.

Mtoto mmoja tu hakupanguswa. Huyo alikuwa Akai, binti wa mama Mturkana aliyeuza makaa karibu na shule. Kwao kulikuwa na mbuzi, na Nyaluak aliona kwamba mtoto wa mbuzini atamchafulia kitambaa.

"Wewe pita tu," alimwambia kila siku. Akai alipita akiwa ameinamisha kichwa.

Kisha macho ya watoto yakaanza kuwa mekundu. Nyakim alikuwa wa kwanza kuamka kope zimegandana. Haukupita muda, karibu darasa zima likawa linajikuna macho na kukimbia mwanga wa jua.

Nyaluak hakuuliza mtu. Pale bombani, mbele ya wanawake wote, alimwambia Mama Akai kwamba nzi wa mbuzi wake wanawapofusha watoto wa watu. Mama Akai alichukua mtungi wake, ukiwa bado mtupu, akaenda zake.

Mwalimu akamwita Ereng, mhudumu wa afya kutoka zahanati. Ereng alifunua kope za watoto wote, mmoja baada ya mwingine. Akai alikuwa wa mwisho. Ereng alimtazama kwa makini, kisha akamtazama tena.

"Hii ni trakoma," alisema. "Wote wako nayo, isipokuwa huyu. Huyu anaoshwa na nani?"

Akai alisema anajiosha mwenyewe nyumbani. Mama yake humwagia maji kidogo kwa kikombe.

"Na hapa getini?"

Mwalimu akamgeukia Nyaluak.

"Huyo nilikuwa namruka," Nyaluak alisema kwa sauti ndogo.

Ereng alitazama beseni, akatazama kitambaa. Hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mama Nyakim, huu ugonjwa inakaa kwa tongotongo. Mikono inabeba, nzi pia inabeba. Lakini kitambaa yako imegusa macho ya darasa yote, kila siku."

"Nilitaka wakuwe safi."

"Uso safi ni dawa, hapo uko sawa. Lakini kila mtoto aoshe na maji yake, na mikono yake. Uso ikauke na upepo. Mtoto akigonjeka hii kitu tena na tena, akiwa mkubwa kope inageuka ndani, nywele yake inakwaruza jicho. Anaweza kuwa kipofu."

Aibu ilimshika Nyaluak. Aliwakumbuka watoto wote walioinua nyuso zao kwake kwa kumwamini. Akakumbuka na maneno yake ya bombani.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Mama Akai. Alimkuta akipanga makaa. Alisalimu kwa Kiturkana, "Ejok," akaitikiwa. Kisha akasema, "Si mbuzi wako. Ni mimi. Nisamehe."

Mama Akai aliendelea kupanga makaa.

"Akai alikuwa ananiuliza kwa nini wewe hapangusi yeye," alisema. "Mimi namwambia labda maji imeisha."

Nyaluak alilia palepale. Mwanamke aliyetukanwa naye bombani alikuwa akimfichia ubaya wake mbele ya mtoto.

Zahanati iliwapa watoto na familia zao dawa. Getini, mwalimu na wazazi walitundika kibuyu chirizi, mtungi mdogo uliotobolewa, wenye kamba ya kukanyagia. Maji hutoka kidogokidogo, na kila mtoto huosha mikono kwa sabuni, kisha uso. Nyaluak aligundua kwamba maji yanayotumika si mengi kama alivyohofia. Bombani, mbele ya wanawake walewale, alisema wazi kosa lilikuwa la nani.

Ereng aliporudi baada ya miezi kadhaa, macho ya watoto wengi yalikuwa meupe tena. Nyakim hakukimbia jua.

Nyaluak bado husimama getini, sasa bila kitambaa. Akai akifika, humshikia mkoba ili anawe. Mtoto humshukuru, naye Nyaluak hutazama chini.