Bandeji ya Shemeji

Nina miaka thelathini na minne na vidole vinane. Viwili nilivipoteza Kurasini, nikiwa naitwa Rashidi. Mimi siyo Rashidi.

Shule niliiacha darasa la sita. Nimetangatanga Tanga, Mtwara, Kahama... nikitaka tu kujua watu wanaishije. Kitambulisho sikuwahi kuwa nacho. Nilipofika Temeke, dada yangu Zuhura na mumewe Rashidi walinipokea kwao Tandika.

Rashidi alikuwa kibarua kwenye yadi ya makontena, lakini kazi ilishamchosha. Akanipa kadi yake. "Shemeji, ukivuka geti wewe ni Rashidi. Ukirudi nyumbani, kuwa yeyote umtakaye." Tulicheka. Mimi nikabeba mizigo, yeye akashinda kijiweni akicheza drafti. Msimamizi alijua. Alikuwa akiniita Rashidi wa Pili.

Asubuhi moja mlango wa kontena ulinibana mkono wa kushoto. Nilipouchomoa, glavu ilibaki mlangoni... na vidole viwili vilibaki ndani yake. Hospitali waliandika Rashidi. Fomu ya ajali nayo ikaandikwa Rashidi.

Shemeji alikuja wodini na supu ya kuku. Akaniambia nitulie, yeye atadai fidia kwa jina lake, kisha yote itakuwa yangu. Ningeachaje kumwamini mtu anayeninywesha supu kwa kijiko?

Tajiri mwenye yadi alikataa kulipa, shauri likapelekwa kwenye usuluhishi, na Rashidi akaanza kwenda huko bila kuniambia. Siku moja nilimkuta uani akijifunga bandeji. Vidole viwili amevikunja ndani, anajizoeza kukunja uso kama mwenye maumivu. Nikamuuliza kulikoni.

"Kwani wewe nani?" akasema. "Karatasi zote zinasema niliyeumia ni mimi. Shukuru unalala bure."

Kwani mimi nani...

Nilinunua kijitabu cha sheria za kazi kwa muuza vitabu wa barabarani, nikakisoma chote, kisha nikaenda kuuliza kwa afisa kazi. Alikuwa mama mtaratibu. "Mwanangu, hatutazami jina tu, tunatazama nani alifanya kazi. Leta wenzako waliokuona ukiumia, uandike maelezo yako sasa, kabla shauri halijasikilizwa."

Haki yangu ilikuwa pale, mezani kwake. Sikuichukua. Kwa nini? Kwa sababu ningeandika mapema, Rashidi angejitoa kimyakimya. Mimi nilitaka aaibike mbele za watu. Nikasubiri wiki tatu, nikila kwake, nikimsalimia kwa adabu. Asubuhi ya shauri, bandeji nilimsaidia kuifunga.

Nikamfuata hadi kwenye usuluhishi. Nikaingia, nikaamkia, nikaomba jambo moja tu: huyu bwana afunguliwe mkono.

Bandeji ilikuwa ndefu. Nilifurahia kila mzunguko. Vikatoka vidole vitano, vizima, vimelowa jasho. Nami nikainua mkono wangu wenye vitatu. Karani alicheka mpaka akatoka nje. Rashidi alilia. Siwadanganyi, sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile.

Utamu wenyewe haukumaliza nusu saa. Mwanasheria wa tajiri alisimama, akasema mdai ni mwongo, na huyu mwingine si mfanyakazi wao. Msimamizi akaapa hajawahi kuniona. Mashahidi sikuwa nao. Nilipowafuata baadaye yadini, waliokuwa wakifanya kazi kwa kadi za watu walishafukuzwa, na waliobaki waliogopa hata kuitikia salamu yangu. Madai ya Rashidi yalitupwa. Yangu hayakuwahi kuwepo.

Dada hapokei simu zangu. Rashidi sijamsamehe, wala sitarajii anisamehe. Lakini wewe unayesoma haya, ambaye kesho utavuka geti kwa jina la kaka au la rafiki, nakuomba... andikisha jina lako. Na ukidhulumiwa, tangulia na haki yako. Kisasi hakiozi, kitakusubiri.

Siku ile ya shauri, nikishuka ngazi, mwanasheria wa tajiri alinipa mkono, akanibana ule mzima. "Ahsante sana, kaka," akasema, anatabasamu.

Vidole vilishaacha kuuma. Ile ahsante bado.