Hita Iliyogeuka Pete

Mzee Spana alikuwa amelala chali kando ya pipa la nta, mfuniko wa chuma umemwangukia kifuani. Paji la uso lilikuwa limepasuka. Nta ilikuwa imemgandia mikononi. Karakana nzima ya mishumaa ilinuka waya ulioungua, na Inspekta, mwanamke aliyekwisha kuona maiti wengi kazini, alijikuta ameziba mdomo kwa kiganja.

"Mfuniko ulifyatuka ukampiga," alisema daktari wa polisi. "Alikufa papo hapo. Hakuteseka, tushukuru."

Haya, tushukuru! Lakini pipa jipya, siku yake ya kwanza kuwashwa, halilipuki hivihivi. Inspekta alilizunguka. Upande mmoja kulikuwa kumefungwa hita ya umeme ya bapa, ndogo kama kiganja, na rangi ya pipa hapo ilikuwa imebabuka ikawa nyeusi. Alishika upande wa pili. Chuma kilikuwa baridi, na nta ya ndani bado ngumu.

"Nani alilibuni hili?"

"Binti wa marehemu," alijibu meneja. "Nilimwajiri kwa heshima ya baba yake tu. Nilijua ipo siku ataniharibia."

Mtu ana maiti miguuni pake, anaongea hivyo! Inspekta alimkazia macho hadi akanywea.

Binti alikuwa ofisini mbele ya kompyuta, macho yamemvimba kwa kulia. Nyuma yake alisimama kaka yake, mhandisi aliyekagua kazi ile, mfuko wa turubai begani.

"Pole sana, mwanangu. Nieleze taratibu, mimi na hesabu tuliachana zamani."

Binti alijikaza. "Pipa ni duara, mama. Kwa hiyo nachora nusu tu ya mkato wake, kutoka katikati hadi ukuta wa pipa. Kompyuta inauzungusha mchoro, inapata pipa zima, kisha inapima joto lake. Hita nimeiweka hapa ukutani. Nta ilitakiwa iyeyuke polepole pande zote, ikivimba ipate njia ya kupanda juu. Sijui imekuwaje. Haki ya Mungu, sijui."

Inspekta alimwamini. Mwenye la kuficha hamwagi kila kitu mbele ya askari namna ile. Akamgeukia kaka mtu.

"Uliikagua wewe?"

"Ndiyo."

"Ukaona iko sawa?"

"Ni... ndiyo."

"Mfukoni mna nini?"

"Vifaa tu, afande."

"Fungua."

Alisita. Sajini aliyekuwa mlangoni alisogea hatua moja, na mfuko ukafunguliwa. Ndani mlikuwa na mkanda wa hita, mpya, bado una nailoni ya dukani, mrefu wa kutosha kulizunguka pipa zima.

Inspekta alimwongoza hadi stoo, wakabaki wawili.

"Umeununua lini?"

"Leo asubuhi."

"Kabla hujapata habari za baba yako?"

Kijana aliutazama mlango.

"Nimekuuliza."

"Kabla."

"Kwa hiyo ulijua hita ile ni mbaya."

Kijana aliketi juu ya boksi la tambi za mishumaa.

"Nilijua jana jioni, nikiwa nyumbani. Mchoro wa aina ile, afande, chochote unachoweka ukutani kinazungushwa pamoja na pipa. Dada aliweka hita ndogo ya upande mmoja, kompyuta ikaigeuza pete. Joto lote likagawanywa kuzunguka pipa, likaonekana dogo. Kwenye chuma chenyewe, joto lilelile likarundikana mahali pamoja. Nta ikayeyuka pale tu, ikavimba, na juu imezibwa na nta ngumu. Ikakosa pa kwenda."

"Na wewe mkaguzi hukuona."

"Sikuona. Nikaipitisha."

"Simu ulikuwa nayo. Mbona hukupiga?"

"Nimpigie nani? Meneja alikuwa anamvizia dada akosee mara moja amfukuze. Nikasema nitanunua mkanda, niufunge kabla ya kazi, asijue mtu. Hata yeye mwenyewe asijue."

"Na baba yako?"

"Baba hakuwa mtu wa siri, angemtania mbele ya karakana nzima. Na siku zote hawashi mtambo mpaka tufike sote. Sijui leo amekumbwa na nini."

Inspekta alijua, maana mlinzi wa getini alikwisha kumwambia. Angeweza kunyamaza. Lakini kijana alikuwa na haki ya kusikia.

"Alipita hapa alfajiri anapiga mluzi. Alimwambia mlinzi anataka binti yake akifika akute pipa lake limeshapata moto."

Kilio kilichomtoka kijana yule kilimfanya Inspekta ajute kwa nini alifungua mdomo. Akasema inavyompasa kusema:

"Utashtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo."

"Nishtaki, afande. Nakubali yote. Ila nakuomba, dada yangu asiambiwe kosa lilianzia kwake."

"Nimeshasikia," sauti ilisema mlangoni.

Binti alikuwa ameshikilia kizingiti kwa mikono miwili. Sajini nyuma yake aliinamisha kichwa, ameshindwa kumzuia. Binti aliingia, akapiga magoti mbele ya kaka yake, akamshika uso.

"Ungeniambia tu, kaka," alisema. "Ningeaibika. Ningefukuzwa kazi, ningelia siku nzima. Na baba angenitania mpaka nicheke."