Kete ya Nne ya Magharibi

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Ilikuwa Jumapili, joto la Kowloon, hapa Hong Kong, limepungua kidogo, na kaka yangu Chi-wah alikuwa ametuletea uji wa samaki na mikate ya kukaanga. Tulikula bila kugombana, na katika nyumba yetu hilo ni jambo la kushukuru. Kisha wifi yangu Suk-yin akapangusa mdomo, akaweka mezani sanduku la marehemu mama la kete za mahjong, mchezo wetu wa watu wanne.

"Leo tunacheza kwa hili," akasema.

Niseme mapema ili nisionekane mnafiki: wifi yangu sikumpenda, naye hakunipenda. Lakini kwa chuki mama alitushinda sote. Miaka yote mama alicheza na Bibi Yip na Bibi Mok, na wa nne wao nilikuwa mimi. Wao walikunywa chai nyeusi. Mimi chai nyeusi hainipandi, kwa hiyo nilichemshiwa ya maua. Na mchemshaji alikuwa Suk-yin. Analeta birika, anamimina, anaondoka. Siku moja aliomba kukaa, mama akamwambia, "Kiti hiki ni cha mtu. Wewe angalia maji yasichemke yakamwagika." Hata mimi niliona haya.

Bibi Yip akafa. Bibi Mok akafuata. Zamu ya mama ilipofika, alitaka kete moja, kati ya nne zilizochongwa neno Magharibi, iwekwe kiganjani mwake ndani ya jeneza. Magharibi ndiko wafu wanakoelekea, kwa hiyo sikushangaa.

"Seti ibaki na pengo," akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Asiijaze mtu. Atakayeijaza, nitamjia. Na kule tuko watatu. Wa nne tutamwita wenyewe."

Suk-yin alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la supu. Alisikia kila neno. Maiti ya mama ikachomwa moto, kama desturi yetu, na kete yake mkononi. Vidole nilivikunja mimi.

Sasa, seti yenye pengo haichezeki, na Suk-yin alitaka kuicheza ile ile, si nyingine. Alitaka nyumba ijue mwenye nyumba sasa ni nani. Alizunguka kwa wauza vitu vya mitumba, kila kete aliyopata ama ni nene mno ama mgongo wake una rangi nyingine, na kete ya hivyo wachezaji wote wanaitambua hata ikifichwa. Mwisho akakumbuka kwamba sandukuni kulikuwa na kete moja tupu, ile ya akiba, haijachongwa kitu. Akaipeleka kwa Mzee Pang, mchongaji wa pale chini ya ngazi. Kaka alinisihi nifuatane naye nimzuie.

Mzee Pang aliilaza kete chini ya taa ipate joto ilainike. Akashika patasi. Kisha akauliza swali ambalo wachongaji wa kwetu humuuliza kila mtu.

"Ya zamani iko wapi?"

Maana iliyovunjika huchongewa mwenzake, na iliyopotea pia. Iliyoondoka na maiti, hapana.

"Imeangukia nyuma ya friji," Suk-yin akajibu bila kupepesa.

"Mwongo!" nikasema. "Mzee, mama yangu kachomwa nayo."

Mzee Pang akaweka patasi chini. Akaisukuma kete kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesukuma mende. "Chukua kitu chako, binti. Hapa kwangu usirudi."

Njiani wifi alinigeukia. "Una mdomo kama bomba bovu. Mama yako alinifanya mtumishi akiwa hai, sasa kafa bado ananipangia? Kwenda huko!"

Baada ya siku chache akavuka bandari, akampata mchongaji asiyetujua. Uongo wake ukapita, kete ikachongwa Magharibi.

Basi Jumapili ile, tukakaa. Mimi, kaka, jirani yetu Bi Leung, na Suk-yin kwenye kiti cha mama. Jua lilikuwa linawaka dirishani. Nikaanza mimi: nikatupa Magharibi, maana haikunifaa. Bi Leung naye akatupa Magharibi. Kaka akacheka, akatupa yake.

Kila mtoto wa kwetu analijua hili: mzunguko wa kwanza, watu wanne wasitupe Magharibi wote. Watatu si kitu. Wa nne ni kualika msiba. Na ya nne anayo nani? Tulimwona Suk-yin akishika ile mpya.

"Wifi," nikanong'ona, "tupa nyingine. Tafadhali."

"Mmeogopa?" Akatutazama mmoja mmoja. "Mama yenu hanitishi."

Akaipiga mezani, pa!

Hapakutokea kitu. Bi Leung akashusha pumzi. Kaka akanyoosha mkono achukue kete.

Ndipo tukasikia. Kete zinachanganywa. Si zetu. Ni chumbani kwa mama, chumba tulichokifunga tangu mazishi.

Mikono ikapita juu ya kete, taratibu. Mtu akakohoa. Kikohozi nilikifahamu.

"Redio ya jirani," Suk-yin akasema. Midomo yake ilikuwa mikavu. Akainuka. Akachukua ufunguo.

"Usiende," kaka akamwambia.

Akaenda. Mlango ukafunguka. Ukajifunga. Kete zikanyamaza.

Kisha tukasikia maji yanamiminwa.

Kaka aliuvunja mlango kwa bega. Meza ya mama, iliyokuwa imekunjwa nyuma ya kabati, ilikuwa imekunjuliwa katikati ya chumba. Viti vinne. Suk-yin hakuwa amekaa kwenye hata kimoja. Alikuwa amepiga magoti kando, kichwa kimeegemea mguu wa meza, birika mkononi. Alikuwa amekufa. Daktari baadaye alisema moyo.

Mezani palikuwa na vikombe vitatu vya chai nyeusi, vimenywewa nusu. Cha nne kilikuwa kimejaa, kinatoa mvuke.

Bi Leung akainama akanusa. Akarudi nyuma, akanitazama mimi.

Ilikuwa chai ya maua.

Kando ya kikombe kile palisimama kete ya Magharibi, ukingo wake umeungua na kuyeyuka. Nikakimbilia sebuleni kuitafuta ile mpya. Ilikuwa pale pale Suk-yin alipoipiga. Nikaigeuza. Ilikuwa tupu, laini, haina hata mkwaruzo wa patasi.

Kaka amehama. Mimi nimebaki, maana kodi ya Hong Kong haijali mizimu, na sina pa kwenda. Chumba nimekipigilia misumari. Meza niliikunja kwa mikono yangu, viti nikavitupa jalalani, vikombe nikavivunja kimoja kimoja.

Chai ya maua sinywi tena, na ndani ya nyumba hii sijaweka hata ua moja. Lakini kila Jumapili nikimaliza uji, harufu yake hupita chini ya ule mlango. Leo nimeweka kiganja kwenye ubao. Ulikuwa na joto.